Uzi Usiokatwa

Haya, tusipotezeane muda. Swali ni moja tu: nani aliitikia?

Wiki jana tuliachana pabaya, na wapo kati yenu waliolala taa ikiwaka. Kwa ambaye hakuwapo, mambo yalikuwa hivi. Ukumbi wa bandarini umefurika watu walioshuka melini, kila mmoja na kipande cha karatasi ngumu chenye namba, kimebanwa kifuani kwa pini kama bei ya gauni dukani. Karani kakaa kwenye kiti kirefu anaita namba, na ukiitwa unasema upo, unasonga mbele. Akaita namba ya marehemu. Namba ya yule binti aliyefia safarini, ambaye Fundi, mke wa kaka yake, alimshona kwa mikono yake mwenyewe ndani ya turubai na kumwona akishushwa baharini.  Ndipo sauti nyembamba ya kike ikajibu:

"Nipo."

Mlioapa kwamba ni mzimu, shusheni pumzi kwanza. Aliyejibu alikuwa mama mkwe wa Fundi, yule mama mzazi wa marehemu, kakaa hapo hapo kwenye benchi na mkoba wake mapajani.

Mazoea yana taabu, jamani. Yule binti tangu utotoni alikuwa na haya za kupita kiasi. Sauti yake ilikuwa haivuki meno. Mwalimu akiita majina, mama yuko dirishani anamwitikia. Walipomkataza kusema "yupo", akajifunza kusema "nipo" kwa sauti ya mtoto, na mwalimu hakujua mpaka mwaka ukaisha. Hospitalini ni mama, bombani ni mama, na hata posa ilipokuja ni mama aliyesema hapana kwa niaba ya binti, na binti akashukuru. Sasa miaka yote hiyo ya kumwitikia mtu, utauambia nini ulimi? Namba imeitwa, ulimi umekimbia mbele ya akili.

Fundi aliyaelewa yote hayo kwa sekunde moja. Tatizo ni kwamba wenye ukumbi wao hawakuyaelewa.

Afisa wa meli aliinama akamnong'oneza karani kwamba mwenye namba hiyo wameshamtosa. Karani akamtazama mama. Akamwita daktari.

Daktari huyo abiria walikuwa wameshambandika jina: Chaki. Alikuwa anapita kati ya mistari na kipande cha chaki mkononi, hasemi na mtu, na akiona kasoro anakuandikia begani. Herufi hii ya macho, ile ya kifua, ile ya mguu unaoburuta. Alisimama mbele ya mama, akamtazama usoni kwa muda, kisha akachora mistari miwili iliyopishana kwenye bega la koti lake jeusi. Mtu mwingine angeona msalaba uliolala. Fundi, ambaye tangu usichana wake anakula kwa sindano, aliona mkasi uliofunguliwa. Na yeye chaki anaijua. Ukiona chaki kwenye kitambaa, ujue hapo ndipo panapokatwa.

Alama hiyo ilikuwa ya wenye akili pungufu.

Mkalimani ndiye aliyemweleza. Mzee mmoja mwembamba, mwenye koti kubwa kuliko yeye, anayejua lugha za watu wote na kuzirudia bila kuongeza wala kupunguza. Ukikohoa, anakutafsiria kikohozi. Abiria walimwita Kasuku, naye alijua na hakujali. Alimwambia Fundi, taratibu, kwamba mama anapelekwa chumba cha nyuma kupimwa akili. Akishindwa, atarudishwa kwa meli ile ile iliyowaleta, na meli inang'oa nanga alasiri.

"Peke yake?" Fundi akauliza.

"Wewe huna alama, dada. Wewe pita. Mumeo si anakungoja?"

Mumewe alikuwa anamngoja kweli, upande wa pili wa wavu wa chuma, chini ya ngazi. Alitangulia yeye kutafuta kazi na chumba, kisha akawatumia nauli mama yake, mdogo wake na mkewe. Habari za msiba hakuwa nazo, maana barua ingepanda meli gani iwahi kuliko wao? Na huko walikotoka nyumba imeshauzwa, sufuria zimegawiwa majirani. Kumrudisha mama huko ilikuwa ni kumwambia akafe njiani. Ni hivyo tu, tusipambe maneno.

Fundi akasema hatapita bila mama mkwe wake. Akamfuata.

Waliwekwa kwenye benchi la korido kusubiri zamu. Ukuta umepakwa chokaa, sakafu inanuka dawa ya kuulia chawa, na mlango wa chumba cha kupimia umefungwa. Mama akakaa mwisho wa benchi. Fundi alipotaka kukaa karibu naye, mama akamwonyesha kwa mkono asogee.

"Muachie nafasi mwenzio," akasema.

Fundi akasogea. Mkwe hapingi mbele za watu. Akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akaweka kiganja kwenye ule ubao uliobaki wazi kati yao ili ajiegemeze. Kiganja kikarudi na maji.

Akajinusa. Chumvi.

Akajiambia wameosha benchi. Benchi lote lilikuwa kavu, isipokuwa pale. Akajiambia tena kwamba wameosha benchi, safari hii kwa nguvu zaidi.

Mama alikuwa ameinamisha sikio, kama mtu anayesikilizishwa siri kanisani au msikitini wakati wa mawaidha. Halafu akageuka. Macho yake yalikuwa makavu na mazima kabisa, na hilo ndilo lililomtisha Fundi kuliko machozi.

"Mwanangu, wifi yako anakuuliza. Kwa nini hukuukata uzi?"

Hapo damu ya Fundi ilisimama. Na ninyi mngekuwa yeye ingesimama, kwa sababu jambo la uzi hakuna binadamu aliyelijua.

Turudi nyuma kidogo. Siku ile ya msiba melini, mama alikuwa amepewa dawa ya usingizi, kalala kitandani chini. Baharia mzee, mshona maturubai, ndiye aliyeleta kitambaa na uzi mnene wenye nta. Aliposikia kwamba wifi wa marehemu ni mshonaji, alimkabidhi sindano kwa heshima na kumpa sharti la kazi yao. Kwamba mshono wa mwisho haupiti kwenye turubai peke yake. Unapita kwenye pua ya maiti. Ukifanya hivyo, alisema, maiti hutulia alipolazwa. Usipofanya, huifuata meli.

Fundi hakuweza. Angewezaje? Uso ule alikuwa ameuosha mwenyewe, nywele zile alikuwa amezisuka juzi yake tu. Alimpa baharia mgongo, akapitisha sindano kwenye kitambaa mara mbili, akasema tayari. Kabla hajapiga fundo meli iliyumba, watu wakanyanyua mzigo, uzi ukamchomoka vidoleni, na akabaki ameshika sindano yenye mkia mfupi wa uzi. Aliudhani umekatika. Akaichomeka sindano ndani ya gauni lake, kiunoni, kama mafundi wote wanavyofanya, na tangu siku ile hakuigusa.

Aliigusa sasa, pale kwenye benchi, akapapasa chini ya koti. Sindano ipo. Uzi upo. Ulikuwa umelowa.

"Anasema habari za uzi mtazimaliza wenyewe," mama akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayepeleka salamu. "Tatizo lake ni la hapa. Hapa hapiti mtu asiyehesabiwa. Anataka mtu wa kwao amhesabu, basi. Mimi nimemwitikia, lakini wamenichora chaki, neno langu halina uzito tena."

Fundi akamshika mkono, akamsihi. Mama, ukiingia mle ndani usimtaje. Wakikuuliza, jibu unaloulizwa. Wewe si mwendawazimu, mimi nakujua, lakini hawa hawakujui. Mama akamwangalia kwa huruma, kama vile mgonjwa alikuwa Fundi.

Mlango ukafunguliwa.

Ndani kulikuwa na meza, Chaki nyuma ya meza, muuguzi mmoja pembeni ya pazia, na Kasuku katikati, mikono nyuma. Mbele ya mama wakamwaga vipande vya mbao vilivyokatwa. Kasuku akaeleza kwamba ukivipanga vinakuwa nyumba, na kwamba wengi huvitolea jasho.

Mama hakutoa jasho. Mwanamke aliyeendesha nyumba kwa mapato ya kubahatisha atashindwa kupanga vibao? Paa likakaa, kuta zikakaa, madirisha yakakaa, na mwisho mlango ukaingia mahali pake. Chaki alinyanyua nyusi. Fundi aliyekuwa kasimama ukutani akaanza kupumua.

Kisha mama akanyoosha mkono, akauchomoa mlango, akaupakata mapajani.

Chaki akauliza kwa nini. Kasuku akarudia swali.

"Mwanangu hajaingia," mama akasema. "Nitafungaje?"

Kasuku alimtazama mama, akamgeukia daktari. Halafu akatafsiri, neno kwa neno, maana kazi ni kazi na watu walishafukuzwa pale kwa kupamba tafsiri. Chaki akaweka chaki chini, akavuta kidau cha wino mwekundu na mhuri wa kurudishwa. Sasa akawa anauliza kwa kutimiza wajibu tu, hata hamtazami. Katika familia yenu, mmefika wangapi?

Fundi akamkazia macho mama mkwe wake. Sema wawili. Mama yangu, sema wawili.

"Watatu," mama akasema.

Mhuri ukaingia kwenye wino.

Ni hapa, wasomaji, ambapo mtu hupimwa. Fundi alikuwa na neno moja mfukoni ambalo alikuwa amelificha tangu safari ianze. Alilificha kwa ufundi wake, kila wiki akifumua mishono ya ubavuni ya gauni na kuilegeza kidogo, hata wanawake waliolala naye chumba kimoja hawakujua. Aliogopa kwa sababu melini walisema wajawazito hutengwa wodini mpaka wajifungue, na wengine hurudishwa. Wenye midomo mtulie. Mumewe aliondoka miezi michache tu iliyopita, na hesabu yake haina doa. Alitaka kumwambia mumewe kwanza, yeye mwenyewe, uso kwa uso. Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Mama hajakosea," akasema. "Tuko watatu."

Chaki akainua kichwa. Fundi akafungua koti na kuweka mkono tumboni. Akasema huyo ndiye wa tatu. Akasema nyumba inayongojea mtoto haifungwi mlango, kwao ndivyo wanavyosema, na mama alikuwa anasema hivyo hivyo kwa namna ya wazee. Hakuna kwao mahali wanaposema hivyo. Aliutunga uongo huo pale pale, akiwa amesimama.

Kasuku akatafsiri. Chaki akatazama nyumba isiyo na mlango, akamtazama mama, akatazama tumbo. Halafu, mbele ya muuguzi ambaye hakuwahi kuliona jambo hilo, akacheka. Mama naye akasema maneno machache wakati kicheko kikiendelea, na Kasuku akageuka kumtazama kwa ghafla. Mhuri ukawekwa kando bila kugonga, na Chaki akaandika cheti cha kupita: watu watatu. Muuguzi akapewa kitambaa kibichi, akaufuta ule mkasi begani.

Fundi akapelekwa nyuma ya pazia. Muuguzi akamwekea tumboni kitu cha mbao kama tarumbeta ndogo, akatega sikio. Akasikiliza. Akakihamisha, akasikiliza tena, akakunja uso. Mwishowe akasema mtoto mzima na mama apite, hakuna wodi. Alipokuwa anafuta viganja vyake kwenye aproni, akamuuliza kwa ishara kama nje kunanyesha.

Walipofika juu ya ngazi ya kushukia, Fundi akiwa na furaha ya kutaka kuketi chini na kulia, Kasuku akamvuta pembeni. 

"Dada, mimi kazi hii nimezeeka nayo. Sijawahi kuacha neno hata moja. Leo nimeacha."

Fundi akamwambia ashukuru Mungu, basi, kama kwa kuacha huko kamwokoa mama wa watu.

"Sikiliza kwanza. Daktari alipokuwa anacheka, mama yako alisema hivi: huyo wa tumboni sikumhesabu mimi, ndiyo kwanza nasikia habari zake leo. Huyo ni wa nne."

Alipomaliza hakungoja jibu. Alirudi zake chumbani haraka, akafunga mlango.

Mama alikuwa ameshaanza kushuka ngazi. Alikuwa anashuka upande mmoja, kaacha nafasi ya ukutani, kiwiko chake kimekunjwa kama mtu aliyemshika mwenzake. Fundi akamfuata. Hakutazama vidato. Alijua akivitazama ataona kama vina alama za unyevu, na hakutaka kuona. Masikini, hata sisi tungefanya vivyo hivyo.

Chini kulikuwa na lango la chuma na askari mnene mwenye waya wa shanga mezani. Kila kichwa kinachopita anasukuma shanga moja. Ukihesabiwa hapo, umeingia, umekuwa mtu wa huku. Askari akauliza wangapi, kwa vidole.

Fundi angeweza kuonyesha viwili. Fikirini. Angeonyesha viwili, askari angetazama cheti cha daktari kilichosema watatu, wangerudishwa juu, na Chaki angeuliza upya, na mama angejibu ukweli wake. Wavu ulikuwa pale, hatua chache mbele. Nyuma ya wavu, katika umati, Fundi alishaiona kofia ya mumewe.

Akainua vidole vitatu.

Askari akatazama cheti, akasukuma shanga tatu. Wakapita. Lile lango lina springi kali, linajifunga lenyewe kwa kishindo nyuma ya kila mtu, na wote waliotangulia lilikuwa limewashtua. Nyuma ya Fundi halikujifunga. Lilikaa wazi, kimya, kwa muda wa mtu mmoja kupita. Ndipo likapiga.

Mumewe alikuja akiwasukuma watu. Alimkumbatia mama yake mpaka mkoba ukaanguka. Alimshika Fundi mashavu, akacheka, akasema amekonda, kisha mkono wake ukagusa tumbo, akamtazama, na macho yakamjaa maji. Kwa dakika hiyo moja Fundi alisahau kila kitu. Alikuwa na furaha, na tumwachie hiyo dakika, kwa sababu ilikuwa fupi.

Bado kulikuwa na msiba wa kumwambia. Alikuwa ameyapanga maneno tangu melini. Akamshika mkono, akaanza: "Mume wangu, kuhusu mdogo wako, kuna jambo."

Lakini mumewe hakuwa anamtazama yeye tena. Alikuwa anatazama nyuma yake, juu kidogo ya bega, kwa tabasamu lile la kumtania mtu umpendaye.

"Na wewe, mpaka huku na haya zako? Toka huko nyuma ya wifi yako nikuone," akasema. "Mbona umelowa hivi, mdogo wangu?"

Fundi hakugeuka. Mama, pembeni, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alitabasamu.

Mumewe akanyoosha mkono kupita bega la Fundi. Vidole vyake viwili vikabana kitu kwa makini, kama kaka anavyomtoa mdogo wake takataka kwenye nguo kabla hajamtambulisha kwa wageni.

"Ngoja. Una uzi unaning'inia hapa kifuani."

"Usiuvute," Fundi akasema.

Alikuwa ameshauzungusha kidoleni, akavuta. Na ndani ya gauni la Fundi, kiunoni, sindano ikajigeuza taratibu, ncha yake ikaelekea kwa mtoto.